Jinsi ya kuomba usimamizi wa mirathi Tanzania Bara: mwongozo kwa washauri wa fedha na wateja wao

Simu ya kwanza huingia kabla matanga hayajaanuliwa. Mtoto wa marehemu anauliza: mzee alikuwa na vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS na akiba benki, tunazitoaje? Jibu ni kwamba hazitoki mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Ukiwa mshauri wa fedha, afisa wa benki, wakala wa bima au kiongozi wa SACCOS, wewe ndiye utakayepigiwa simu hiyo, na mara nyingi uliyafahamu mambo ya marehemu kuliko wanawe. Kwa hiyo nitaeleza hatua za maombi kama zinavyofuatana, na katika kila hatua nitasema ni jambo gani mteja angeliweka sawa akiwa hai.

Maelezo haya yanahusu Tanzania Bara, hasa Mahakama ya Mwanzo, kwa sababu huko ndiko familia nyingi hupita. Zanzibar ina njia yake: Mahakama ya Kadhi, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa mirathi ya Waislamu.

Kwanza, mahakama ipi?

Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya mirathi pale tu sheria inayotumika ni ya kimila au ya Kiislamu. Mirathi ya Mkristo ambaye hakuishi kimila hufunguliwa Mahakama ya Wilaya ikiwa ni ndogo, au Mahakama Kuu, chini ya Sheria ya Mirathi, Sura ya 352. Kubatizwa peke yake hakumalizi swali. Mahakama hutazama marehemu aliishi vipi na alikusudia nini kuhusu mali yake. Familia yenye shaka imuulize karani wa mahakama au wakili kabla ya kujaza chochote, kwa sababu usimamizi uliotolewa na mahakama isiyo na mamlaka hufutwa, hata kama nyumba imeshauzwa na fedha zimeshagawanywa.

Kisha eneo. Maombi hupelekwa kwenye mahakama ya mahali marehemu alipokuwa na makazi ya kudumu alipofariki. Watu wengi hufungua mirathi kijijini kwa sababu ndiko alikozikwa na ndiko wazee wa ukoo waliko, ilhali marehemu aliishi Mbagala miaka thelathini. Hapo mgogoro huzaliwa kabla ya tangazo kubandikwa.

Karatasi za mwanzo

Kifo kiandikishwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ndani ya siku 30. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo, na hakuna benki wala mahakama itakayokipokea badala yake. Siku hizi maombi ya cheti huanzia kwenye mfumo wa eRITA.

Cheti kikitoka, lisomeni jina herufi kwa herufi. Hapa ndipo familia hupoteza miezi. Kwenye kitambulisho cha NIDA kuna majina matatu, kwenye hati ya kiwanja kuna jina la ubatizo na la baba, kwenye akaunti ya benki kuna kifupisho. Baada ya kifo, kila tofauti huhitaji kiapo kuthibitisha kwamba ni mtu yuleyule, na mwenye jina hayupo tena kusema. Mteja akiwa hai, marekebisho ni kazi ya asubuhi moja. Ningependa kila mshauri akae na kila mteja mara moja kwa mwaka na kulinganisha majina kwenye karatasi zake zote, kabla hata ya kuzungumzia faida ya mfuko.

Baada ya hapo hufanyika kikao cha familia au ukoo. Muhtasari wake uandikwe vizuri: tarehe, mahali, waliohudhuria na sahihi zao, jina la anayependekezwa, na orodha ya warithi wote. Kikao hiki ni desturi zaidi kuliko sharti la sheria, lakini mahakimu hukiulizia, na kinaonyesha mapema nani hakubaliani. Msimfiche mtoto wa nje ya ndoa. Akijitokeza baadaye na ushahidi, mtarudi mwanzo. Chukueni pia barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji.

Kama kuna wosia

Wosia nitaueleza kwa kirefu, kwa sababu mteja aliye hai ana nafasi kubwa zaidi hapa kuliko mahali pengine popote.

Kanuni za kimila zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963 zinasema kwamba mjane hana fungu katika mirathi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Atatunzwa na watoto wake, kama alivyowatunza yeye. Mabinti nao wamewekewa mipaka, hasa kwenye ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, iliamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliikosoa Tanzania katika shauri la wajane wawili waliotolewa kwenye nyumba zao na ndugu wa waume zao. Kwa hiyo mteja anayekwambia "mke wangu yupo, atabaki na nyumba" huku hajaandika kitu, mwambie ukweli waziwazi: maneno hayo hayamlindi mkewe.

Kwa mujibu wa kanuni hizo za kimila, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Asiyejua kusoma anahitaji wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Muislamu anaweza kuusia hadi theluthi moja ya mali yake, na hawezi kumuusia mrithi bila ridhaa ya warithi wengine; sehemu iliyobaki hugawanywa kwa mafungu ya Kurani. Wosia unaofuata sheria ya serikali, yaani si ya kimila wala ya Kiislamu, huhitaji mashahidi wawili, na shahidi asiwe mtu aliyeachiwa kitu ndani yake.

Jambo hilo la mwisho linakuhusu wewe mshauri. Usitie sahihi kama shahidi ikiwa wosia unakutaja kwa zawadi yoyote, na usikubali mkeo au mumeo atie. Kuandika wosia mwachie wakili au maafisa wa RITA, ambao pia huuhifadhi. Kazi yako ni kuhakikisha orodha ya mali imekamilika na mtu mmoja anayeaminika anajua wosia umewekwa wapi. Wosia uliofungiwa kwenye kabati la mtu aliyefariki bila kusema, familia huendelea kana kwamba haupo.

Kujaza na kufungua

Pale Mahakama ya Mwanzo mwombaji hujaza Fomu Na. 1. Ataeleza marehemu ni nani, alifariki lini, aliishi wapi, warithi ni akina nani, mali inakadiriwaje, na kama kuna wosia. Aambatishe cheti cha kifo, muhtasari wa kikao, wosia kama upo, na kitambulisho chake. Lugha ni Kiswahili, kwa hiyo hakuna haja ya kumlipa mtu wa nje ya geti kukujazia.

Mahakama hutoa tangazo, hulibandika na mara nyingi huagiza lichapishwe gazetini, likitaja siku ambayo shauri litasikilizwa. Lengo ni kumpa nafasi mwenye hoja. Pingamizi likiwekwa, mahakama husikiliza pande zote kwanza. Lisipowekwa, mwombaji na mashahidi wake huhojiwa kwa kifupi, na mahakama inaweza kudai wadhamini. Akikubaliwa, hupewa Fomu Na. 4, barua ya usimamizi. Mwombe karani nakala kadhaa zilizothibitishwa, kwa kuwa benki, ofisi ya ardhi na mfuko wa pensheni kila mmoja atataka yake.

Kazi ya msimamizi

Familia nyingi huamini msimamizi ndiye mrithi mkuu. Nimewahi kukaa na ndugu watano waliokuwa hawasalimiani kwa sababu kaka yao, msimamizi halali, aliuza kiwanja na kununua gari "kwa niaba ya familia". Msimamizi hukusanya mali, hulipa gharama za mazishi na madeni, kisha huwagawia warithi wanaostahili. Kama na yeye ni mrithi, atapata fungu lake na si zaidi. Mwambieni hivyo kwenye kikao, mbele ya wote, kabla jina lake halijaandikwa kwenye fomu.

Kwenye kukusanya, kila mali ina mlango wake. Fedha za benki mara nyingi hupitia akaunti ya mirathi ya mahakama, kisha mahakama huwalipa warithi. Jina la ndugu wa karibu lililoandikwa kwenye fomu ya kufungulia akaunti halimfanyi ndugu huyo mmiliki wa salio, jambo ambalo wateja wengi hawajawahi kuelezwa. Bima ya maisha yenye mnufaika aliyetajwa hulipwa kwa mnufaika huyo, kwa hiyo angalia kama aliyetajwa mwaka wa kwanza wa ajira bado ndiye anayekusudiwa. Nimekuta mama aliyefariki zamani, na nimekuta mchumba ambaye hawakuoana. Hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam hutafutwa kwa namba ya akaunti ya CDS, yaani akaunti ya kielektroniki ambamo hisa za mwekezaji huandikwa, na bila namba hiyo warithi huenda wasijue kwamba zipo. Mafao ya mifuko ya pensheni ya NSSF na PSSSF yana fomu zake na orodha yake ya wategemezi, kwa hiyo ulizeni kwenye mfuko wenyewe mapema.

Ardhi yenye hati huandikwa kwanza kwa jina la msimamizi kama mwakilishi wa marehemu, ndipo ihamishiwe kwa warithi. Wanandoa walioandikishwa kwa umiliki wa pamoja wana nafuu kubwa: mmoja akifariki, haki yake huenda kwa aliyebaki. Kiwanja kisichopimwa kinategemea karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa, na karatasi hiyo ikipotea, msimamizi atahangaika kutafuta majirani na mjumbe wa wakati ule. Mwambie mteja wako aipige picha leo na kumpa nakala mtu mwingine.

Kufunga faili

Ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, msimamizi hurudisha mahakamani Fomu Na. 5, orodha ya kweli na kamili ya mali na madeni. Muda ukimbana, aombe nyongeza kabla haujaisha. Baadaye huwasilisha Fomu Na. 6, hesabu ya alichokusanya, alicholipa na alichogawa, akiambatisha risiti na sahihi za warithi waliopokea. Katika mirathi ya Sura ya 352, orodha hutakiwa ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka mmoja.

Mrithi anayeona fomu hizo hazijarudishwa anaweza kuiomba mahakama imwite msimamizi ajieleze, na hata kumwondoa. Asiye na uwezo wa wakili atafute wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Fomu Na. 6 ikishapokelewa na hakuna anayeipinga, mahakama hulifunga shauri. Msimamizi aombe nakala ya amri hiyo, na kila mrithi abaki na yake.