Wiki mbili Helgoland: kazi na mafunzo ya mitambo ya upepo baharini

Aliyesoma historia ya Zanzibar analijua jina la Helgoland. Kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 Waingereza waliwapa Wajerumani kisiwa hicho, na Wajerumani wakaachia madai yao juu ya Unguja na Witu. Leo ni jabali jekundu la kilomita moja hivi ya mraba katika Bahari ya Kaskazini, lenye wakazi wapatao 1,300. Upande wake wa kaskazini kuna mashamba manne ya upepo: Meerwind Süd/Ost na Amrumbank West yenye mitambo 80 kila moja, Nordsee Ost yenye 48, na Kaskasi yenye 38. Mafundi wake hulala kisiwani, kwa kawaida wiki mbili kazini na wiki mbili nyumbani. Haya ni kwa ndugu aliyeko Ujerumani tayari, au anayejiandaa kuja, na anaitazama kazi hiyo kwa jicho la tamaa.

Tamaa yenyewe mara nyingi hutoka kwenye video za watu wanaoning'inia kwa kamba juu ya mapanga ya mtambo. Hao ni wachache. Siku ya fundi wa kawaida ni grisi, vichujio, mafuta ya haidroli, kukaza bolti, na kutafuta kwa nini kihisi kimoja kimeusimamisha mtambo mzima. Mwajiri anataka mtu anayesoma mchoro wa saketi bila kubahatisha. Kupanda mnara utafundishwa kwa siku mbili. Umeme utakuchukua miaka.

Kwa hiyo anza na fani. Ujerumani haina Ausbildung, yaani mafunzo ya ufundi ya kulipwa, ya upepo peke yake. Kijana husomea Mechatroniker (fundi wa mashine na umeme pamoja) au Elektroniker für Betriebstechnik (fundi umeme wa viwandani), miaka mitatu na nusu, kisha ndipo anaingia kwenye upepo. Kima cha chini cha malipo kisheria kwa wanafunzi walioanza 2025 ni euro 682 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza, na kampuni nyingi kubwa hulipa zaidi. Kwa pesa hiyo Hamburg itakukaba koo. Tafuta nafasi Husum, Cuxhaven au Bremerhaven, ambako isitoshe ndiko kampuni za upepo zilipo.

Mwenye cheti cha ufundi kutoka nyumbani asikubali kuanza sifuri kabla hakijapimwa. Fani za viwandani hupimwa na IHK FOSA, ofisi ya kupima vyeti vya kigeni mjini Nuremberg, na zile za karakana ndogo hupimwa na Handwerkskammer, yaani chemba ya mafundi, ya mkoa wako. Ukijibiwa kwamba cheti kinalingana nusu tu, usivunjike moyo, kwa kuwa barua hiyo inataja kilichopungua na unaweza kwenda kujazia hicho tu.

Njia ya tatu wengi hawaijui. Kama una kibali cha kufanya kazi na umekosa ajira, au ajira yako iko hatarini, Agentur für Arbeit, yaani ofisi ya ajira ya serikali, inaweza kukupa Bildungsgutschein, yaani hati ya kulipiwa mafunzo. Kuna kozi ya fundi wa huduma za mitambo ya upepo iliyobuniwa na BZEE, kituo cha mafunzo kilichoanzia Husum, na hati hiyo inaweza kuilipia. Uamuzi ni wa afisa, kwa hiyo usiende mikono mitupu: chapisha matangazo ya kazi matano au sita ya karibuni, umwonyeshe kwamba waajiri wapo. Kijerumani kiwe cha kiwango cha B1 (cha kati) kwa uchache, ingawa ningekushauri B2, ngazi moja juu yake. Maelekezo ya usalama huja kwa redio, upepo ukivuma, kwa lafudhi ya kaskazini.

Halafu kuna vyeti vya usalama vya GWO, shirika la kimataifa la kampuni za upepo: huduma ya kwanza, kubeba mizigo, moto, kazi za juu, na kwa wa baharini, kuokoka majini. Hudumu miaka miwili, kisha unavirudia. Kila fundi ana namba yake katika mfumo uitwao WINDA. Chuo huingiza matokeo humo na mwajiri huyatazama humo. Basi yule wakala wa WhatsApp anayekuuzia cheti cha GWO bila kukanyaga chuoni anakuuzia karatasi ya kufungia vitumbua. Wala usikimbilie kulipa mwenyewe, kwani kampuni nyingi humlipia wanayemwajiri.

Kinachotutisha sisi wa bara ni maji zaidi ya kimo. Katika mafunzo utarukia bwawani umevaa suti nzito na koti la kujiokolea, upande boti la mpira. Huhitaji kuwa bingwa, lakini asiyewahi kuzama hadi kichwani atashikwa na hofu. Jiandikishe kuogelea miezi mitatu kabla. Daktari naye atakupima kama unafaa kufanya kazi baharini. Mwenye presha au kisukari aseme, asifiche dawa zake.

Kazini kwenyewe, pahali pa kuwa macho zaidi ni pale unapotoka botini kuingia ngazini. Nahodha anasukuma omo ya boti dhidi ya nguzo, unafunga ndoano, unasubiri neno la baharia, unavuka. Mawimbi yakizidi kama mita moja na nusu, boti ndogo hazishushi watu, na siku hiyo utaimalizia ghalani kisiwani. Ukilewa bahari sema mapema. Dawa nyingine zinaleta usingizi, na mwenye usingizi hapandi. Mnarani kwa kawaida hakuna choo, basi uliza siku ya kwanza mnatumia nini, hasa dada zangu, bila haya. Pete zivuliwe. Misuko iwe myembamba ya kulala chini ya helmeti.

Kisiwani magari na hata baiskeli ni marufuku, utatembea. Hakuna kodi ya mauzo, kwa hiyo pombe na sigara ni rahisi, na hapo ndipo mishahara ya vijana wengi inapoyeyuka. Zamu moja huchukua muda wa saa 12. Anayefunga Ramadhani azungumze na msimamizi kabla ya ratiba kutoka: sasa mwezi unaangukia majira ya baridi na siku ni fupi, lakini mwezi Juni jua la huko huchwa karibu saa nne usiku. Waambie wa nyumbani kwamba mchana simu yako haipatikani, la sivyo kila harambee ya ukoo itasema umewanunia.

Zile wiki mbili za nyumbani lala. Kibarua cha pembeni kinahesabiwa ndani ya saa za kazi zinazoruhusiwa na sheria, na mwajiri lazima ajue.

Na anayefikiria kurudi asiache vyeti vyake vya GWO vife. Kenya, kule Loiyangalani, Marsabit, kuna mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310, na Kipeto, Kajiado, kuna 60. Kabla hujaaga, omba kampuni barua inayotaja aina ya mitambo uliyoihudumia na kazi ulizoruhusiwa kufanya peke yako.