Somo: Dizeli inatoa moshi mweupe? Usikubali hedi (kichwa cha injini) ifunguliwe kabla hujapita hapa

Habari za wikiendi wakuu. Naandika hili kwa sababu naumia sana kuona magari yanaletwa gereji hedi ikiwa imeshafunguliwa kwingine, mwenye gari kalipia kuchongwa, gasketi mpya (kizibo cha kati ya hedi na bloku), boliti mpya, hela ya ada ya watoto imeisha na moshi uko palepale. Ukiuliza ilikuwaje unajibiwa "ilikuwa inatoa moshi mweupe, fundi akasema gasketi". Basi. Hakuna aliyepima chochote.

Moshi mweusi ni dizeli nyingi hewa kidogo, wa bluu ni oili, hayo tuyaache. Mweupe una vyanzo viwili vikubwa, ama maji yanaingia kwenye silinda yanatoka mvuke, ama dizeli inatoka bila kuungua. Hayo mawili matengenezo yake hayafanani hata kidogo, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua una upi.

Hatua ya 1: Nusa na utazame

Fanya asubuhi injini ikiwa imelala usiku mzima, gari ya moto itakudanganya. Washa, simama kando ya ekzosi, usiinamie. Mvuke wa maji hauwashi macho, unapotea haraka hewani, na kama ndani kuna kulanti (dawa ya rejeta) utasikia kaharufu katamutamu. Dizeli mbichi inachoma macho hadi yanatoka machozi, inanuka kali, na moshi wake unaning'inia pale uani hautaki kuondoka. Bado huna uhakika? Shika kipande cha boksi kama nusu dakika karibu na mdomo wa ekzosi, kisha kiache juani. Maji yatakauka, dizeli itaacha doa la mafuta na harufu yake.

Walioko Njombe, Makete na Mbeya, mwezi wa sita na wa saba mvuke wa dakika moja mbili asubuhi ni kawaida kabisa, msihangaike. Wa Dar hamna hicho kisingizio.

Hatua ya 2: Kama ni maji

Injini ikiwa BARIDI fungua mfuniko wa rejeta yenyewe, usiangalie kile kikopo cha akiba peke yake. Jaza, washa bila mfuniko, tazama. Mapovu machache mwanzoni ni hewa inatoka, lakini yakiendelea kububujika mfululizo na yanaongezeka ukikanyaga mafuta, hiyo ni gesi ya silinda inapenya kwenye maji. Dalili nyingine, rudisha mfuniko kisha ushike mpira wa juu wa rejeta, ukiwa mgumu kama jiwe muda mfupi tu baada ya kuwasha wakati maji hayajapata moto, ni gasketi au hedi imepasuka. Wenye injini ya 1KZ (Toyota Prado na Surf za zamani) mnajua, ile injini ikishachemsha mara moja hedi hupasuka katikati ya valvu, kwa hiyo hedi ipimwe ufa kwa presha kabla hamjanunua gasketi.

Na tafadhali, asubuhi stata ikigoma ghafla kama imegonga ukuta wakati betri ni nzima, USILAZIMISHE. Silinda inaweza kuwa imejaa maji, na maji hayabanwi, utapinda konektingi rodi (mkono wa pistoni).

Hatua ya 3: Kama ni dizeli, anza na hita plagi

Hizi ni plagi zinazopasha joto chemba ya kuchomea kabla ya kuwasha. Ndiyo bei rahisi na ndiyo inarukwa kila siku. Injini za Toyota kama 2L, 3L, 5L, 1KZ, 1HZ zote zinachoma kwenye chemba ndogo pembeni na zinategemea sana hita plagi asubuhi. Toa ule ukanda wa chuma unaoziunganisha, chukua taa ya testa, mkia wake ubane kwenye chanya ya betri, ncha gusisha kichwa cha kila hita plagi. Taa ikiwaka waya wa ndani haujakatika, isipowaka imekufa. Zote zikiwa nzima angalia kama umeme unafika kwenye ule ukanda ukiwasha swichi, rilei (swichi ya umeme inayozipelekea moto) zinakufa sana.

Hatua ya 4: Mafuta

Uone kama dizeli imechanganyika na maji. Legeza koki ya chini ya filta ya dizeli, kinga kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, iache itulie. Maji yatakaa chini, dizeli juu, mstari utauona kwa macho.

Hatua ya 5: Nozeli (vinyunyizio vya dizeli)

Kwa injini za pampu ya zamani, gari ikiwa inaunguruma legeza nati ya bomba la nozeli moja, sikiliza, kaza, nenda inayofuata. Ukilegeza na muungurumo usibadilike, hiyo silinda ndiyo haifanyi kazi.

Kwa D-4D (dizeli mpya za Toyota) na zote za komoni reli, yaani bomba moja la presha linalolisha nozeli zote, USIFANYE HIVI KABISA. Presha inaweza kupita bar 1,000, dizeli inapenya ngozi na kuingia mwilini. Ikikupata kimbia hospitali hata kama kidonda ni kama cha sindano, watu wamekatwa vidole kwa hilo. Hizi zinapimwa kwa mashine na kwa kulinganisha mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli.

Hapo ukikosa kitu ndipo unaenda kwenye taimingi (muda wa dizeli kuingia) na kompresheni (presha ya silinda), na geji iwe ya dizeli, ya petroli haifiki presha yake.

MASWALI YA WADAU

Mkuu nina Hiace 5L, moshi asubuhi tu na inamisi (silinda nyingine haichomi), baada ya dakika tano safi. Maji hayapungui. Fundi kasema ringi za pistoni.
Anza na hita plagi kaka, moja au mbili zitakuwa zimekufa. Ringi baadaye kabisa.

Prado 1KZ, maji yanapungua ila mapovu sioni.
Fungeni pampu ya presha kwenye rejeta jioni muijaze, asubuhi toeni hita plagi zote mpige stata, uso uwe mbali. Tundu litakalorusha maji ndilo lenye ufa. Kama yote makavu, tafuteni kwenye pampu ya maji, mipira na rejeta ya hita ya ndani.

Hilux 1KD, ikisimama muda mrefu kwenye foleni inatoa moshi mweupe na inagonga. Oili nayo imepanda badala ya kushuka!
Nozeli inavujisha na dizeli inashuka kwenye oili, paki hiyo gari usiiendeshe tena hivyo. Mkizitoa nozeli badilisheni washa zake zote (viringi bapa vya kuzibia), na mshushe sampu (bakuli la oili) muangalie chujio la oili, kwenye 1KD washa zikivuja masizi yanaliziba na injini inakufa kwa kukosa oili.

Mimi nipo Makambako, moshi ulianza siku ile ile nilipobadilisha taimingi belti. Sasa wananiambia ninunue pampu.
Dada usinunue pampu. Warudi waangalie alama za belti, ikiruka jino moja dizeli inachelewa kuingia na moshi mweupe ndio huo. Mwambie fundi aliyeifunga afungue kava ukiwa umesimama hapo, azungushe injini kwa mkono mizunguko miwili, alama zote zirudi sehemu yake. Zisiporudi, kufunga upya ni juu yake.