Klia ya bao la keram: namna ya kuchagua isiyopasuka na isiyong'ang'ania kete

Ramadhani iliyopita vijana wa maskani ya mtaani kwetu hapa Unguja waliniletea bao lao la keram, ule mchezo wa kupiga kete kwa kidole ziingie kwenye mifuko ya pembeni. Malalamiko yao, kete ikifika katikati inakata kona yenyewe. Nikaliinamia kwa ubavu taa ikiwa upande wa pili, nikaona nyufa nyembamba kama nywele zimefuata nyuzi za plaiwudi kutoka mfuko mmoja mpaka karibu na duara. Walikuwa wamelipaka vanishi ya eni-si (NC, yaani nitroselulosi), ile ya makabati, na lilikuwa linang'aa hasa, ukijikurubisha unajiona sura. Kung'aa ndo kulikowadanganya.

Nikawafanyia upya, na kwa vile tangu hapo kila wiki mtu ananiuliza "fundi nipake klia gani", yaani ile rangi angavu ya juu isiyoficha mbao, naandika hapa mara moja tuyamalize.

Hatua ya 1: Jua bao lako linafanya nini

Bao la mashindano sehemu ya kuchezea ni sentimita 74 kwa 74, plaiwudi isiyopungua milimita 8. Straika, ile kete kubwa ya kupigia, haizidi gramu 15 na kete ina gramu 5 na kidogo, kwa hiyo si uzito unaoua klia. Kinachoiua ni plaiwudi yenyewe kutembea. Masika linavimba, kaskazi linanywea, na fremu imelibana pande zote nne, sasa juu yake ukiweka kitu kigumu kama glasi lazima kipasuke, hakina pa kwenda. Ndo maana mie klia naiuliza maswali matatu tu: inapinda bila kupasuka? Inavumilia kugongwa na kukwaruzwa? Kete inateleza juu yake? Rangi yake na kung'aa kwake tutazungumza baadaye kwa msasa.

Hatua ya 2: Chagua

Eni-si inakauka haraka na ni rahisi kurekebisha, lakini ikizeeka inakuwa kavu kama ganda la yai. Kwa kabati sawa, kwa bao hapana.

Vanishi ya mashua inapinda vizuri kweli, imetengenezwa kwa ajili ya mbao za nje zinazovimba na kunywea, ila ni laini. Straika itaiachia alama na kete zitakwenda kwa uzito kama zinatembea kwenye mkeka.

Epoksi ya kumwaga, tafadhali usinitajie. Najua mnaiona kwenye video za meza. Ni nzito, kuifanya iwe sawa kabisa ni kazi ya siku nzima, na jua likiipiga inageuka njano.

Vanishi ya mafuta ya poliyuretheni inafaa, ila itakupa rangi ya asali na mbao zako nyeupe zitakuwa za maziwa ya juzi.

Zinabaki mbili. Ya kwanza ndo ninayoipenda: klia ya gari ya kuchanganya na hadina, ile dawa ya kuigandisha iwe ngumu, halafu unaitia plastisaiza kidogo, ile mafundi rangi wanayotia wakipiga bampa za plastiki ili isipasuke bampa likibonyea. Fuata kipimo cha kopo, usikisie, ukizidisha inakuwa laini. Ya pili, kama huna kompresa, ni vanishi ya maji ya poliyuretheni ya sakafu. Hiyo imetengenezwa kukanyagwa, haigeuki njano, na unaipaka kwa sponji. Nikisikia mtu anapaka bao kwa brashi ya nywele nasikitika, michirizi yake utaisaga kwa msasa mpaka ufike kwenye mbao.

Na hii ya hadina isikilizwe: ndani yake kuna isosayaneti, inaleta pumu, na barakoa ya kitambaa au ya vumbi haikusaidii chochote. Barakoa ya vichujio vya kaboni pamoja na vya chembechembe, nje kwenye upepo, watoto mbali. Kama huna barakoa hiyo chukua ya maji, na mambo yote yatakwenda.

Hatua ya 3: Ijaribu kwenye kibati kabla hujaitia kwenye bao

Kata ukanda wa bati la kopo, upige msasa, upake klia, uache wiki. Halafu ukunje juu ya kalamu, klia ikiwa upande wa nje. Ikitoa nyufa nyeupe, kopo hilo rudisha kabatini. Pia paka kipande cha plaiwudi, kikikauka weka kete mwisho mmoja, inua huo mwisho taratibu, na upime kwa rula umefika urefu gani kete ikaanza kushuka. Fanya hivyo kwa kila klia uliyonayo, vipande vyote urefu sawa. Inayoshuka mapema ndo yako. Hakuna haja ya kubishana na muuza duka.

Hatua ya 4: Safisha bao (hapa ndo nilipolala na viatu)

Kama bao ni jipya, ruka. Kama ni la zamani soma mara mbili.

Bao la vijana nililisaga msasa, nikafuta vumbi, nikapiga klia, safi kabisa. Baada ya dakika mbili ikaanza kujikunja, vishimo vya duara vidogo vidogo kama mtu amenyunyizia maji kwenye sufuria yenye mafuta. Nikafikiri kompresa inatema maji. Nikamwaga maji ya tangi, nikafuta klia yote, nikasaga tena, nikapiga tena. Vishimo vikarudi, tena vingi zaidi. Nikabadilisha thina. Nikabadilisha bunduki ya kupulizia, nikaazima ya jirani. Saa nne za usiku ndo kijana mmoja ananiambia, tena anacheka, "Aa, fundi, sie tulikuwa tunalipulizia ile sprei ya kung'arishia dashibodi, linateleza balaa."

Silikoni! Silikoni ndo hiyo, klia haikai juu yake, inaikimbia. Na ubaya wake ukianza na msasa kama nilivyofanya mie unaisukumia ndani ya mbao na kuisambaza bao zima. Mpangilio ni huu: kwanza osha kwa sabuni ya maji na kitambaa kilichokamuliwa, usililoweshe. Likauke. Halafu tapentaini kwa vitambaa viwili, cha kwanza kinapaka, cha pili kikavu kinafuta kabla haijakauka, na vitambaa ubadilishe kila mara, kitambaa kimoja bao zima maana yake unaihamisha silikoni kutoka kaskazini kwenda kusini. Rudia mara tatu. Hapo ndo unachukua msasa. Nikimaliza msasa napulizia klia kavu kavu kwa mbali, vumbi tu, inakauka, tena vumbi, mara tatu au nne, ndo nafungua mkono. Ile vumbi inafunga kilichobaki. Ukiona bado kishimo kimoja kimoja, shelaki nyembamba ya kupolishia fanicha chini ya klia inasaidia.

Na usipige siku ya mvua. Hewa ikiwa nzito klia inapata ukungu mweupe ndani, na ule haufutiki kwa juu.

Hatua ya 5: Mistari na klia

Mistari chora, unajua. Usitumie maka peni, thina itaichuruza. Klia mara tatu nyembamba, katikati acha dakika kumi na tano kwa ya hadina, ya maji fuata muda wa kopo. Geuza bao upake na mgongo pia, hata mara moja, kwa sababu upande mmoja ukinywa unyevu na mwingine haunywi bao linakuwa sahani.

Hatua ya 6: Subiri

Ukiligusa kesho yake utaona limekauka. Halijakauka. Ya hadina ipe wiki, ya maji wiki mbili hata tatu, vijana wakitaka kulicheza usiku baada ya tarawehe waambie wacheze dhumna. Klia changa inang'ang'ania kete na inapata alama ambazo hazitoki.

Baada ya hapo msasa wa maji 1000, 1500, 2000, na kibao bapa nyuma yake, sio kidole. Kioo kitapotea, libaki na mng'ao wa hariri. Bao la kioo kabisa linaikamata kete, huu mng'ao mdogo unaachia poda ifanye kazi.

Poda ni ya asidi ya boriki, kidogo sana, watoto wasiilambe, ndo ile ile wanayoulia mende. Unga wa mahindi utaita wadudu chungu. Likiwa sawa, straika ukiipiga kwa nguvu zote inakwenda na kurudi bao zima mara tatu na nusu, hicho ni kipimo cha mashindano. La vijana lilipiga tatu na nusu, na sprei ya dashibodi waliniachia mimi, ipo kwenye gari.