Nakala za Akiba za Hifadhidata Iliyotawanywa: Mipaka ya Kuijua Kabla ya Kurejesha

Tuchukue ushirika wa wakulima wa karafuu wenye seva tatu za Cassandra (programu ya hifadhidata inayotawanya data katika seva kadhaa), moja Mjini Unguja, moja Chake Chake na moja Wete, ambao kila rekodi yake huandikwa katika seva mbili. Mpango huo unaikinga data na kuharibika kwa seva, wala si na makosa ya mtu. Karani akifuta orodha ya wakulima kwa bahati mbaya, ufutaji huo nao huandikwa katika seva zote zinazohusika, na kinachobaki kuokoa ni nakala ya akiba iliyowekwa nje ya mfumo.

Anza kwa kujua amri yako inachukua nini. Amri ya nodetool snapshot hunakili seva ile moja tu inayoamrishwa, kwa hiyo panga seva zote ziamrishwe pamoja, saa zao zikiwa zimelinganishwa kwa NTP, njia ya kulinganisha saa za kompyuta kupitia mtandao. Tofauti ya dakika chache inatosha kuleta hasara. Tuseme Unguja na Wete zimenakiliwa saa tatu kamili asubuhi, na Chake Chake saa tatu na dakika nne. Katikati ya dakika hizo mkulima mpya ameandikishwa, rekodi yake ikaangukia Unguja na Wete. Karafuu zake zikapimwa, akalipwa, na malipo yakaangukia Unguja na Chake Chake. Ukirejesha nakala hizo utayaona malipo, lakini mwenyewe hayumo, na mfumo hautatoa onyo lolote. Ndiyo maana napendelea kunakili usiku, vituo vya ununuzi vikiwa vimefungwa na uandikaji umesimamishwa. Hifadhidata nyingine zina njia na mipaka yake: CockroachDB huweza kunakili data yote kama ilivyokuwa katika nukta moja ya wakati uliopita. Kwa MongoDB iliyogawanywa katika mafungu ya seva, kuanzia toleo la 4.2, mongodump, programu yake ya kunakili, haifai wakati miamala inayogusa mafungu zaidi ya moja inaendelea.

Nakala ya Cassandra hubaki katika diski ile ile ya data, hivyo diski ikifa vyote hufa pamoja. Ihamishe, na ivuke bahari. Waliokuwepo Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, umeme ulipokosekana takriban miezi mitatu, hawahitaji kuelezwa kwa nini nakala ya Unguja iwe na mwenzake kisiwa kingine, penye mashine inayoweza kuifungua.

Jambo linalowashangaza wengi ni rekodi zilizofutwa kurudi. Cassandra ikifuta huweka alama ya ufutaji, na kwa kawaida alama hiyo huanza kuruhusiwa kuondolewa baada ya sekunde 864,000, yaani siku 10. Ukirejesha seva moja peke yake kwa nakala ya wiki tatu nyuma, wakati wenzake wamekwisha kuondoa alama hizo, seva hiyo itazileta tena rekodi zilizofutwa, na ukarabati, yaani kazi ya Cassandra ya kulinganisha data kati ya seva, utazisambaza kote kama vile ni mpya. Nakala iliyopita muda huo usiitumie kwa seva moja. Jenga seva hiyo upya kutoka kwa wenzake walio hai.

Idadi ya seva ikibadilika, faili hazinakiliwi tu mahala pake, bali hupakiwa kwa sstableloader, programu inayopeleka kila rekodi kwenye seva inayoistahili. Muundo wa majedwali lazima uwepo kwanza. Watumiaji na nywila zao hukaa system_auth, sehemu ya Cassandra yenyewe, ambayo haimo ukinakili data yako pekee. Ufunguo wa usimbaji uhifadhiwe mbali na nakala, na nakala ya toleo jipya usitarajie ifunguke katika toleo la zamani.

Kila msimu, kabla ya mavuno, rejesha nakala nzima katika mashine tupu, upime muda uliotumika, kisha utafute malipo yasiyo na mkulima. Ukiyapata usiyafute, yalinganishe na stakabadhi za karatasi za kituo kilicholipa, na umwandikishe upya mwenye haki yake.