Kumwandaa mgonjwa wa saratani ya umio kabla ya kuonana na daktari bingwa

Mzazi wako akianza kukwamwa na tonge la ugali hadi alisindikize kwa maji, huenda ni dalili ya saratani ya umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni; usimwache Tanga miezi mizima akinywa dawa za vidonda vya tumbo. Mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, uulizie endoskopi, kipimo ambacho kamera nyembamba hupitishwa kooni na kinyama kidogo kukatwa ili kichunguzwe maabara. Majibu ya kinyama hicho, nasisitiza, ndiyo atakayoyadai kwanza daktari wa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kabla ya kupanga tibakemia (dawa za kuua seli za saratani) au mionzi. Yatie bahasha moja na barua ya rufaa. Mpime uzito kila wiki na uuandike, kwani dozi nyingi za tibakemia hukadiriwa kwa uzito na urefu.