Dalili mpya imeibuka: umwambie daktari wa akili au unyamaze?

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Nampokea mgonjwa kabla hajaingia kwa daktari, na anapotoka namwelekeza dirisha la dawa. Kuna sentensi nimeisikia mara nyingi mno, mgonjwa akiwa ameshashika kitasa cha mlango: "Kulikuwa na kitu kingine, lakini basi, achana nacho." Anaondoka nacho. Siku nyingine analetwa na ndugu zake kwa sababu ya kitu hicho hicho.

Mwongozo huu ni wako wewe ambaye tayari unatibiwa, halafu siku moja mwili au akili ikafanya jambo usilolizoea: umesikia jina lako likiitwa na chumbani hamna mtu, miguu imekataa kutulia, au limekupitia wazo ambalo unaona haya hata kulikumbuka. Msimamo wangu nausema mapema: kuamua kama dalili ni kubwa au ndogo si kazi yako. Kazi yako ni kuamua useme lini na useme vipi.

Hatua ya 1: Tenga yasiyosubiri

Zipo dalili ambazo hazihitaji kutafakariwa, zinahitaji usafiri wa kwenda hospitali saa hiyo hiyo.

Ukiwa unatumia dawa za saikosisi (hali ya kusikia au kuona yasiyokuwepo, au kuamini yasiyo kweli) kama haloperidoli au risperidoni, ukapata homa kali, mwili ukakakamaa, jasho likakutoka na akili ikaanza kuchanganyikiwa, nenda idara ya dharura na ubebe dawa zako zote. Shingo ikijipinda yenyewe, au macho yakapanda juu yakakataa kushuka, nenda pia. Hali hiyo inatisha kuitazama, lakini ina dawa inayoiachilia haraka.

Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, aangalie mikono inayotetemeka kwa nguvu, kutapika, kuharisha, ulimi mzito na kutembea kwa kuyumba, maana hizo ni ishara kwamba dawa imezidi kwenye damu. Aliyeanza lamotrijini au karbamazepini, dawa nyingine za kutuliza hisia, akaona upele apige simu siku hiyo hiyo, na upele ukija na homa au vidonda mdomoni aende dharura. Anayetumia klozapini, nayo ni dawa ya saikosisi, akipata homa au koo kuuma, damu ipimwe leo, kwa sababu dawa hiyo inaweza kushusha chembe nyeupe za damu.

Na haya hayasubiri kliniki ya mwezi ujao: sauti inayokuamuru ujidhuru au umdhuru mtu, na mawazo ya kujiua ambayo yameanza kupanga namna na siku. Vilevile mtu anayeanza ghafla kuona vitu visivyokuwepo huku ana homa au hajui yuko wapi. Huyo tatizo lake linaweza kuwa maambukizi au ugonjwa mwingine wa mwili, na kumwongezea dawa za akili bila kumpima ni hatari.

Hatua ya 2: Fungua kalenda ya dawa zako

Kama dalili yako haimo humo juu, kaa chini na kalenda. Ilianza lini? Siku chache kabla yake, nini kilibadilika? Dawa mpya, dozi kupanda, dozi kushuka, vidonge ulivyoruka kwa sababu viliisha, dawa ya maumivu uliyojinunulia mwenyewe. Hiyo ya mwisho watu huisahau kabisa. Ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kupandisha kiwango cha lithiamu kwenye damu, na anayezimeza kwa ajili ya mgongo hawazi kwamba zina uhusiano na dawa yake ya akili.

Nilikuwa na kijana mmoja aliyeanzishiwa haloperidoli. Aliporudi kliniki hakukaa. Nilimwekea kiti, akakaa kwa muda mfupi, akanyanyuka, akatembea hadi dirishani, akarudi, akakaa, akanyanyuka tena. Aliposimama alikuwa akihamisha uzito mguu wa kushoto, wa kulia, wa kushoto, kama anayekanyaga udongo wa kujengea. Nikamuuliza, "Vipi mdogo wangu?" Akasema, "Niko sawa, nesi." Baada ya kubembelezwa ndipo akasema kwamba kuna kitu ndani ya miguu kinamsukuma, halali, na ameanza kutamani afe ili kitulie. Alinyamaza kwa sababu aliamini ugonjwa unarudi na dozi itapandishwa.

Hapo ndipo ukimya unapoumiza. Hali ile ni madhara ya dawa yanayojulikana, na kwa macho inafanana sana na wasiwasi au ugonjwa uliochachamaa. Daktari asipoelezwa kinachohisiwa ndani, anaweza kweli kupandisha dozi, na dozi ikipanda mateso nayo yanapanda. Akielezwa, anaweza kuipunguza, kubadilisha dawa au kuongeza nyingine ya kutuliza. Kijana yule dozi yake ilipunguzwa siku ile ile.

Mfano mwingine ni wa anayeacha ghafla dawa za sonona. Baadhi yao huhisi kitu kama shoti ya umeme ikipita kichwani wanapogeuza macho. Wanaogopa kusema, wakidhani wataonekana wamechanganyikiwa. Madaktari wanaijua.

Hatua ya 3: Taja unachokiogopa

Jiulize: nikimwambia, naogopa itokee nini? Andika jibu. Mara nyingi ni kulazwa, au kuongezewa dawa, au kubandikwa jina jipya la ugonjwa.

Hofu hizo si za kijinga, na sitakudanganya kwamba hakuna anayelazwa. Lakini dalili peke yake si sababu ya kumlaza mtu. Daktari anatazama hatari, anatazama kama unaweza kujihudumia, na kama una mtu karibu. Kusikia jina lako likiitwa wakati usingizi unakuchukua huwatokea watu wengi wasio na ugonjwa wowote. Aliyefiwa anaweza kuisikia sauti ya marehemu. Daktari anayapima hayo pamoja na mengine, na hawezi kupima asichokijua.

Linalofichwa kuliko yote ni mawazo ya kutisha. Mama aliyejifungua karibuni anashika kisu jikoni, linampitia wazo la kumchoma mwanawe, anakitupa kisu na kuanza kulia. Anajiona shetani. Mawazo ya namna hiyo, yanayokuja bila kualikwa na kumtia mwenyewe kinyaa, ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani, na yana tiba. Ni tofauti na mama anayeamini mtoto wake ana pepo na kwamba lazima amkomboe. Huyo anahitaji msaada wa dharura. Ukimwambia daktari, mweleze na hili: wazo linakuvuta au linakuchukiza?

Kama kinachokusumbua ni siri, anza nayo: "Daktari, kabla sijasema, nani mwingine atajua?" Siri ina mpaka, hasa maisha yanapokuwa hatarini, na ni haki yako kuujua mpaka huo kabla hujafungua mdomo.

Hatua ya 4: Andika mistari mitano

Usiandike jina la ugonjwa, andika kilichotokea. "Nadhani nina skizofrenia" haimsaidii daktari kama haya:

"Ilianza Jumanne, siku ya nne baada ya dozi kupanda.
Nasikia mtu akinong'ona, sielewi maneno. Usiku tu, nikiwa macho kabisa.
Hudumu kama dakika 10. Imetokea mara 3.
Ikianza nawasha taa, inapungua.
Sijala dawa nyingine. Nalala kwa muda wa saa 4 tu kila usiku."

Karatasi hiyo inambeba hata mtu ambaye ulimi humkatika mbele ya daktari. Mpe aisome.

Hatua ya 5: Sema mwanzoni

Ukikaa tu kwenye kiti: "Leo nina jambo jipya, naomba tuanze nalo." Kama kliniki iko mbali kwa wiki kadhaa na dalili inazidi, usingoje tarehe. Piga simu au nenda kwa muuguzi.

Mpaka hapo usiache dawa kwa uamuzi wako. Najua kishawishi kilivyo, lakini kuacha ghafla huleta dalili zake, na hapo hakuna atakayejua kipi kimesababisha kipi.

Hatua ya 6: Akikujibu kwa mkato

Hutokea. Siku ina wagonjwa wengi, daktari anasema "ni mawazo tu" na mkono umeshafika kwenye faili linalofuata. Usibishane na usinyamaze. Uliza: "Inaweza kuwa dawa? Kuna kipimo cha kufanya?" Omba iandikwe kwenye faili lako. Akisema msubiri, muulize msubiri mpaka lini, na dalili ikifika wapi urudi kabla ya siku hiyo. Jibu lake liandike palepale, chini ya ile mistari mitano.