"Rico": tajiri au tamu?

Mwanafunzi wa Kihispania hufundishwa mapema kwamba rico ni "tajiri". Ni kweli: Puerto Rico ni "bandari tajiri" na Costa Rica ni "pwani tajiri". Lakini mezani neno hilohilo maana yake ni "tamu", na huko ndiko utalisikia kila siku.

Tazama kitenzi kinachotangulia: es (kutoka ser) au está (kutoka estar), vyote viwili ni "ni" kwetu. Su tío es rico: mjomba wake ni tajiri. La sopa está rica: supu ni tamu, hii hapa, kijiko kikiwa bado mdomoni. Ukizungumzia chakula kwa ujumla, ser nayo inakubalika: la comida peruana es muy rica, chakula cha Peru ni kitamu sana.

Sisi Waswahili tunateleza hapa. Kwetu asali ni tamu na pilau ni tamu. Kihispania kinazitenganisha: asali ni dulce, pilau ni rico. Ukiusifu wali wa mwenyeji wako kwa kusema está dulce, atadhani umekuta sukari ndani. Sema ¡qué rico! na uso wake utachangamka.

Kumbuka upatanisho, kama ngeli zetu: sopa rica, pescado rico, tacos ricos, frutas ricas. Na r ya mwanzo itetemeshe sawasawa.

Tahadhari moja: usimwambie mtu mzima estás rica au estás rico ukidhani unamsifu kwa adabu. Hayo ni maneno ya kumtamani kimwili.